Mafua ya Siku Moja

Kwa miaka kumi na tisa hakujipaka marashi. Hakuogea sabuni yenye harufu, hakupaka mafuta ya nywele, hakukata kitunguu asubuhi kabla ya kazi, na jikoni kwake moto wa kuni ulikuwa marufuku. Haikuwa nadhiri wala ugonjwa. Ilikuwa kanuni ya kiwanda, na katika kiwanda kizima kanuni hiyo ilimfunga yeye peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa pua.

Ndivyo walivyomwita, Bi Pua. Aliajiriwa kunusa chupa.

Kiwanda kilitengeneza soda moja tu, ya tangawizi, iliyoitwa Njiwa. Chupa tupu zilirudi kutoka madukani ndani ya kreti za mbao, na kabla hazijaingia kwenye maji ya moto zilipita mbele yake moja moja. Alikaa kwenye kiti kirefu kisicho na mgongo, kando ya dirisha lisilofungwa kamwe. Aliinua chupa, akauleta mdomo wa chupa chini ya pua, akavuta pumzi fupi, akaishusha. Safi ilikwenda kushoto. Yenye harufu ilikwenda kulia, ndani ya pipa la chuma, ikavunjwa hapo hapo. Watu ni watu. Chupa ya soda ikishafika nyumbani inakuwa chombo. Hutiwa mafuta ya taa, siki, dawa ya mende, na vitu vingine ambavyo Bi Pua mwenyewe hakutaka kuvijua majina. Kuosha peke yake hakukutosha. Maji ya moto na dawa huifunika harufu ya mafuta ya taa kama blanketi linavyomfunika mgonjwa: humwoni, lakini yumo.

Kazi hiyo ilizaliwa na aibu. Mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Mzee bila kuongeza neno, alianzia uani kwake, mkewe akitwanga tangawizi kwenye kinu na yeye akijaza chupa moja moja kwa mashine ya mkono. Njiwa wa kwenye chupa alimchora mwenyewe, akatoka mnene kama kuku, akaachwa hivyo hivyo. Wateja walitania, "Nipe kuku wa baridi," lakini walinunua. Mwaka wa pili, katika mkutano wa wafanyabiashara, mtunza hazina alifungua Njiwa, akapiga funda moja, akatoka mbio amejishika mdomo. Chupa ilikuwa imewahi kukaa na mafuta ya taa. Kwa mwaka mzima soda ile iliitwa soda ya taa. Watu waliingia dukani wakauliza, "Hii ni ya kunywa au ya kuwasha?" Mzee aliuza baiskeli yake, kisha kitanda, akabakiza mashine.

Hakusimama tena mpaka alipoamua kuwa hakuna chupa itakayojazwa kabla haijanuswa. Alipanga vikombe kumi na kimoja vya maji mezani, kimoja kikiwa na tone la mafuta ya taa, akawa anawajaribu watu. Siku hiyo binti mmoja alikuja kuomba kazi ya kufagia. Hajafika hata kwenye kizingiti, akauliza, "Kikombe cha nne kutoka huku, nani amekitia mafuta ya taa?"

Aliajiriwa akiwa bado amesimama mlangoni. Mzee akampa kanuni kwa maneno machache: "Pua haina ndugu, haina rafiki, haina haraka. Na ukishikwa na mafua, sema mapema. Nitakaa mimi."

Njiwa ikatoka uani ikahamia kwenye jengo la kumbi tatu. Ikauzwa mjini kote, ikavuka daraja, ikafika miji minne ya ng'ambo. Watoto walizaliwa na kukua bila kulisikia neno soda ya taa. Mwanamke yule mwenye vidole vilivyochubuka kwa vioo alijua, bila kujisifu, kwamba wanakunywa kwa amani kwa sababu yake.

Sasa huyu Bi Pua alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba. Mama yao alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha mpaka alipogoma kusoma. Alipokua, dada huyo huyo alimwombea kwa Mzee uwakala wa maduka ya upande wa daraja. Kijana alikuwa mchangamfu, mwenye maneno, na mvivu wa yale mambo madogo ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mara mbili kreti zake zilikutwa na chupa zenye harufu. Mara mbili dada yake ndiye aliyezikamata, akazivunja, akaripoti. Mara ya tatu, kwa sheria ya kiwanda, wakala hunyang'anywa eneo lake.

Jumapili moja alikuja na mkewe nyumbani kwa dada yake, wakaketi ukingoni mwa kiti kama watu waliokuja kuposa.

"Dada, kesho naleta kreti arobaini."

"Lete."

"Sasa..." Akakuna shingo. "Humo ndani, chupa nyingine si nzuri sana."

"Si nzuri vipi?"

"Makopo yaliadimika. Watu wanakuja kununua mafuta ya taa, hawana cha kutilia. Nikawa nawapa chupa. Wakarudisha."

"Ukawapa chupa za Njiwa wakatilie mafuta ya taa. Wewe. Mdogo wangu mimi."

"Nilizisuuza, dada."

"Basi zitenge. Leta zilizo safi."

"Zimechanganyika. Sijui ipi ni ipi, mimi sina pua kama yako. Nisipoleta idadi kamili kesho, uwakala umekwenda. Nikileta, pua yako itanipokonya."

Mkewe akasema taratibu, "Wifi, watoto wanne. Wewe unawajua kwa majina."

Kijana akatabasamu, lile tabasamu lake la utotoni la kuombea sukari. "Dada, hiyo pua yako haiwezi kushikwa na mafua hata siku moja?"

Bi Pua alicheka. Halafu akaona anacheka peke yake.

"Mzee amesafiri kufuata sukari," mdogo wake akaendelea. "Mpaka Jumatano."

"Umejuaje?"

"Dada, mimi ni wakala. Sikuombi uzipitishe. Sikuombi useme uongo juu ya chupa hata moja. Nakuomba uumwe tu."

"Na kitini atakaa nani?"

Wote watatu walijua. Mzee asipokuwepo, kiti kingemwangukia mkuu wa waoshaji, Babu Ugoro, aliyeosha chupa za Njiwa tangu zama za uani. Jina alilipata kwa ugoro alioanza kuunusa akiwa kijana. Pua yake ilikuwa pambo la uso. Mzee mwenyewe alizoea kusema kwamba pua ya Babu Ugoro inatambua vitu viwili tu: ugoro, na kuisha kwa ugoro. Katika miaka yote hiyo Bi Pua aliumwa siku mbili, na siku zote mbili Mzee alikuwepo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hao wawili wangekosekana siku moja.

Mtu anayetaka kuvunja kanuni hupenda kutafuta ufa, apite bila kugusa ukuta. Bi Pua aliupata wake: hatapitisha chupa yenye harufu. Mkono wake hautaigusa hata moja. Ataiondoa tu pua yake kwa siku moja, kama mlinzi anayekwenda kunywa maji huku akijua mwizi yuko wapi.

Jumatatu asubuhi alisimama getini, leso puani.

"Babu, nimeshikwa."

"Eh! Pole, mwanangu. Hata sauti imebadilika." Haikuwa imebadilika. "Rudi ukalale. Kiti nitakikalia mimi."

"Utaweza, Babu?"

Babu alinyoosha mgongo. Akatia mkono chini ya aproni ya mpira, akatoa kikopo chake cha bati, kidogo, kilichong'aa kwa kushikwashikwa. "Leo sigusi hata punje. Shika. Kikikaa mfukoni kitanishinda. Nitunzie, ukipona utanirudishia."

Alikipokea. Angefanyaje?

Akashinda kitandani na leso yake, asije jirani akamwona. Hakuwahi kunusa vizuri kama siku ile. Alisikia pasi ya jirani ikipita juu ya kola yenye jasho. Alisikia saruji ikilowa mahali fulani, na kiberiti kikiwashwa nyumba ya tatu. Na juu ya meza, ndani ya kikopo kilichofungwa barabara, alisikia ugoro wa Babu, mkali na mtamu, saa baada ya saa.

Jumanne alirudi kazini. Babu Ugoro alimpokea mlangoni, uso umemchanua.

"Saba! Nimekamata saba, mwanangu! Nani alisema pua hii imekufa?"

Bi Pua alikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Akaokota vipande, akavinusa. Mbili zilikuwa na siki. Tano hazikuwa na chochote. Babu alikuwa amevunja chupa tano safi kwa kuogopa kukosea.

"Na za upande wa daraja?" akauliza.

"Kreti arobaini. Zote safi kama maji ya mvua. Mdogo wako amejirekebisha, mshukuru Mungu. Zimejazwa jana ile ile, hizo hapo."

Lori lilikuwa limesimama kwenye mlango wa ukumbi wa tatu, wapakizi wakisukuma kreti za mwisho. Dereva alikuwa anakunywa chai. Bi Pua alilitazama lori mpaka dereva akamaliza chai, akasuuza kikombe, akakirudisha dirishani, akapanda. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema neno moja. Palikuwa na nafasi ya kusema maneno mia.

Alimpa Babu kikopo chake. Babu akakisukuma.

"Kaa nacho kidogo. Unajua, leo asubuhi nimesikia harufu ya mkate? Mkate, mwanangu! Niliisahau. Ngoja nione pua hii itanifikisha wapi."

Jumatano shule moja ilizindua maktaba yake, na wageni wakapewa Njiwa. Mwalimu mkuu aliinua chupa kuwatakia heri, akanywa, akaitema juu ya hotuba yake. Wageni wawili walitapika. Hakuna aliyelazwa, hakuna aliyekufa. Lakini kabla jua halijazama, neno lililolala karibu miaka ishirini lilikuwa limeamka, limenawa uso, linatembea mjini. Wazee walilikumbuka na vijana walilijifunza upesi. Soda ya taa. Mwenye duka mmoja alibandika kiberiti kwenye chupa ya Njiwa akaiweka dirishani, watu wakawa wanasimama kucheka.

Mzee alirudi jioni akakuta kreti zilizojaa zikirudishwa. Aliamuru soda yote ya Jumatatu imwagwe. Ukumbi wa pili ukajaa povu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na sisimizi waliosikia habari hawakuondoka wiki nzima. Alhamisi asubuhi aliwakusanya wafanyakazi hapo hapo, sakafu ikinata.

"Jumatatu kiti kilikaliwa na nani?"

"Mimi, Mzee," Babu Ugoro alisema.

"Na pua yako unaijua."

"Naijua. Lakini nilisema kiti kisikae kitupu."

"Kingekaa kitupu! Mashine ingesimama! Siku moja bila soda ni siku moja. Hii ni nini sasa?"

Babu alifungua fundo la aproni mgongoni. Fundo likakataa, ikabidi mwoshaji mmoja amsaidie. Akaikunja aproni mara mbili, kisha mara nne, akaiweka juu ya kreti, akatoka. Hakuna aliyemwambia aivue, na hakuna aliyemwambia aivae.

Mzee akamgeukia Bi Pua. "Wewe usijilaumu. Kuumwa si kosa."

Bi Pua alikuwa amezoea kufunga mdomo ili pua ifanye kazi, na siku hiyo mazoea yale yalimfaa.

Alinyamaza siku tisa. Alikaa kitini, akainua na kushusha. Waoshaji waliokuwa wakimwamkia Babu kwa adabu sasa walimwita Babu Taa, na mmoja aliigiza jinsi anavyonusa chupa kwa goti. Watu walicheka. Bi Pua aliwaambia, "Nyamazeni, mna kazi," na alijua kwamba hilo halikuwa alilotakiwa kusema.

Siku ya tisa mdogo wake alikuja na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa utepe.

"Zawadi yako, dada. Umetuokoa."

Ndani yake kulikuwa na chupa ya marashi, ndogo, ya kioo kizito.

"Najua hupaki. Weka mpaka utakapostaafu."

"Umesikia yaliyompata Babu?"

"Nimesikia. Lakini yule ni mzee, dada, angepumzika tu mwakani. Sisi bado tunajenga."

Alimtazama mtoto aliyembeba mgongoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye sikuzote kulikuwa na mgongo wa mwingine chini yake, na mgongo wa kwanza ulikuwa wa dada yake. Bi Pua alimwambia aende nyumbani akamwandae mkewe. Kijana hakuelewa. Akaondoka anapiga mluzi.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, alijipaka marashi. Shingoni, kwenye viganja, nyuma ya masikio. La kuvunda halina ubani, nalo alilijua, wala hakuyapaka ili afunike kitu. Aliyapaka ili asiweze kukaa kitini hata akijaribiwa. Akaingia ofisini kwa Mzee na kusimama.

Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye sampuli za tangawizi. "Leo unanukia."

"Ndiyo, Mzee. Sistahili kukaa pale."

"Kuna nini?"

"Jumatatu ile sikuwa na mafua."

Alimweleza yote, bila kumpunguzia mdogo wake na bila kujipunguzia yeye. Mzee alisikiliza, akigeuzageuza kipande cha tangawizi mkononi.

"Ulinusa nini siku hiyo?"

"Kila kitu."

"Ungezipitisha mwenyewe, ningejua nina mwizi, na mwizi nafukuza, basi. Lakini wewe ulimkalisha mzee wa watu mahali ulipojua ataaibika, ukaenda kulala. Na mimi nikamvua nguo mbele ya watu, wewe umesimama."

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikwambia pua haina ndugu."

"Uliniambia."

Alidhani atafukuzwa, na moyo wake ulikuwa umejiandaa kwa nafuu hiyo. Mzee hakumpa. "Nenda ukaoge hayo marashi yatoke. Kesho ukae kitini. Sina pua nyingine, na watu hawatakunywa toba yako. Mdogo wako, uwakala basi. Sasa nenda kwa yule mzee ukamwambie arudi, na umwambie mbele ya majirani zake."

Babu Ugoro alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la fundi viatu. Kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili, na ukutani kalenda ya Njiwa ya mwaka uliopita, yule kuku wake ametandaza mabawa. Fundi viatu alikuwa mlangoni na wateja wawili wakisubiri. Bi Pua alisema yote mbele yao, kwa sauti, kama alivyoagizwa. Fundi aliacha kugonga misumari.

Babu akauliza, "Kwa hiyo mafua yako yamepona?"

"Sikuwa nayo, Babu."

"Nimesikia. Nauliza tu."

"Mzee anasema urudi. Aproni yako ipo."

"Nirudi. Nikifika getini wataniitaje? Wewe utawaeleza mmoja mmoja? Na wale wa sokoni? Na yule mwenye kiberiti dirishani? Jina baya ni kama hayo mafuta yenyewe, mwanangu. Unaosha, unaosha."

Alimpa kikopo. Babu alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama.

"Unajua siku zile nilizokaa bila hiki? Ile Alhamisi, Mzee akinifokea, soda imejaa chini, nilisikia harufu ya tangawizi. Miaka ishirini na moja naosha chupa za tangawizi, sijawahi kuisikia kazini. Ni harufu nzuri kumbe." Akafungua kifuniko. Akachukua ugoro, si kidogo, akavuta tundu hili na lile, macho yakamtoka machozi kama yanavyomtoka kila mnusaji. "Basi. Pua hii sina kazi nayo tena."

Hakurudi kiwandani. Baada ya miezi michache alihamia kwa binti yake, mji wa mbali, na hakuna aliyejua huko walimwita kwa jina gani.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mdogo mtu alipoteza maduka, akafungua genge, na kwa miaka mingi hakukanyaga kwa dada yake. Mkewe alileta watoto mara moja moja, akiwasubiri nje. Njiwa iliendelea miaka sita. Upande wa pili wa daraja haikunywewa tena, na chupa za plastiki za kampuni kubwa zilipofika, zilizotumika mara moja na kutupwa, zilikuta nusu ya kazi ya kuiangusha imeshafanywa. Siku ya kufunga, Bi Pua alinusa kreti ya mwisho kama alivyonusa ya kwanza. Nyumbani ile chupa ya marashi ilikuwa bado imejaa, imepungua pale shingoni tu.

Siku moja ya mafua yasiyokuwepo haikumuua mtu. Ilimgharimu mzee mmoja jina lake, na aliyelichukua hakuweza kulirudisha.